Bunge na Mlango: Nia ya Mpiganaji kati ya Tabaka na Elimu

Neno nia lina uzito ambao neno sababu halina. Sababu ya jambo yaweza kutajwa na yeyote anayelitazama kutoka nje: mvua haikunyesha, ndiyo sababu mahindi yamekauka, mshahara haukutosha, ndiyo sababu makuli waligoma. Nia haina budi kuwa na mwenyewe. Mahindi hayana nia ya kukauka, na anayeulizwa nia yake haulizwi kilichomsukuma bali alichokikusudia, na jibu atakalolitoa, liwe la kweli au la uongo, ni lake kwa namna ambayo hesabu ya mishahara ya mji mzima haiwezi kuwa yake. Ndiyo maana swala na saumu haviswihi bila nia, hata kama viungo vyote vya mwili vimetenda yanayotakiwa. Kwa hiyo mwanazuoni anayedai kueleza kwa nini askari fulani walipigana hujitwika kazi mbili tofauti, ya kutafuta sababu na ya kutafuta nia, na mara nyingi huifanya ile ya kwanza kisha akaamini kuwa ameshaimaliza na ya pili.

Tofauti hiyo haionekani kwa urahisi pale mataifa mawili yanapopigana, kwa kuwa mpaka, bendera na amri ya serikali huyajibu maswali kabla hayajaulizwa. Huonekana wazi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaani vita ambavyo pande zake mbili hutoka katika jamii moja, husema lugha moja na pengine hulala chini ya paa moja, kwa sababu hapo chochote kinachotajwa kuwa chanzo cha mmoja kuingia vitani hukutwa pia kwa adui yake, jirani yake wa juzi. Vita vya Mau Mau vilivyopiganwa Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 vilikuwa vita dhidi ya ukoloni, na hilo halina ubishi. Lakini katika miinuko ya Kiambu, Murang'a na Nyeri vilikuwa pia vita vya Wakikuyu kwa Wakikuyu. Upande mmoja walikuwa itungati, wapiganaji wa msituni, pamoja na maelfu ya watu wa mjini na vijijini waliowalisha, na upande wa pili walikuwa homugadi, walinzi wa vijiji walioandikishwa na serikali, ambao kufikia 1954 walikuwa takriban 25,000. Raia wa Kizungu waliouawa katika miaka hiyo yote walikuwa 32. Kwa hesabu ya serikali yenyewe wapiganaji waliouawa walizidi 11,000, na mbali na hao watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, huku raia Waafrika waliouawa kwa kuhesabiwa watiifu wa serikali wakikaribia 1,800. Wengi katika hesabu hizo walijuana kwa majina.

Maelezo ya kwanza yanayomjia mtu haraka ni ya tabaka. Tabaka, kwa maana inayotumika hapa, ni mahali pa mtu katika mpangilio wa mali na kazi: ana nini, anamfanyia nani kazi, na nani ana uwezo wa kumfukuza. Katika Nairobi ya wakati huo mpangilio huo ulisomeka ardhini kama ramani. Magharibi ya mji, kuanzia vitongoji vya Wazungu vya Westlands, Kileleshwa na Lavington, barabara iliyokuja kuitwa Waiyaki Way ilielekea Kangemi, Uthiru na Kikuyu, na mtu aliyevuka bonde moja dogo alitoka kwenye bustani za waajiri akaingia Dagoretti, sehemu ya rizavu, yaani ardhi iliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo watumishi na vibarua wao walilala wawezapo kupata pa kulala. Kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika chini ya F. W. Carpenter ilieleza mwaka 1954 kuwa takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi walilipwa kiasi kisichotosheleza hata mahitaji ya lazima ya afya na heshima. Ndani ya rizavu nako mambo yalikuwa yamebadilika: muhoi, mpangaji aliyeruhusiwa tangu zamani kulima shamba la ukoo usio wake kwa makubaliano ya heshima na ujirani, alianza kufukuzwa mara ardhi ilipopata bei na mwenye shamba alipotaka kupanda mazao ya kuuza. Waliofukuzwa shambani wakaishia mjini, na mjini wakakutana na vyama vya wafanyakazi. Kiburi House, jengo lililokuwa kwenye barabara ya Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga Road, lilikuwa makao ya siasa hizo, na viongozi kama Fred Kubai na Bildad Kaggia walitoka humo kwenda kuiongoza ile kamati ya siri iliyojulikana kwa jina la Kiswahili, Muhimu.

Maelezo haya yana nguvu, na anayeyapuuza hataelewa chochote katika vita vile. Yanamweleza vizuri hata mtu kama Harry Thuku, ambaye mwaka 1922 alikamatwa kwa kuwatetea vibarua na wenye vipande, umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi karibu na mahali ambapo sasa barabara yenye jina lake inapita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akakaa uhamishoni miaka mingi, na ambaye miaka 30 baadaye, akiwa mkulima wa kahawa mwenye nafasi yake Kiambu, alisimama hadharani kuipinga Mau Mau. Lakini mbele kidogo maelezo haya hukwama. Miongoni mwa homugadi wa kawaida walikuwamo maskini wengi, watu wasiokuwa na kahawa wala duka, walioshika mkuki wa serikali kwa sababu kufanya hivyo kuliwaepusha na kazi za shuruti na kuliwapa ruhusa ya kutembea. Na katika upande wa pili alikuwamo Wambui Waiyaki, aliyejulikana baadaye kama Wambui Otieno, msichana wa familia ya Kikristo yenye jina na uwezo, wa ukoo wa yuleyule Waiyaki wa Hinga ambaye barabara inamkumbuka, na ambaye baba yake alikuwa afisa wa polisi, aliyekula kiapo akafanya kazi ya upelelezi wa Mau Mau jijini. Tabaka huonyesha mtu amesimama wapi vita vinapoanza, bali halitoshi kuonyesha atageukia upande gani.

Maelezo ya pili ni ya elimu, na hapa dhana yenyewe inahitaji kutenganishwa na vyeti. Wakikuyu wa mwanzo kuingia misheni waliitwa athomi, wasomaji, na neno hilo lilitaja aina mpya ya mtu kabla halijataja ujuzi: aliyevaa vingine, aliyejenga nyumba ya pembe nne, aliyeweza kumwandikia mkuu wa wilaya barua bila kumtafuta karani. Baada ya mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana, wazazi waliojitenga na misheni walijenga shule zao, zile za KISA na za Karing'a, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri. Serikali ilizifunga shule hizo vita vilipoanza kwa kuwa iliamini kuwa ndizo zilizozaa uasi. Katika mwisho ule wa barabara ya magharibi ilibaki shule ya Alliance, iliyoanzishwa 1926 na misheni za Kiprotestanti kwa ushirikiano, ambayo serikali iliihesabu kuwa kinyume kabisa cha Githunguri, shamba la kupandia viongozi watulivu. Kama elimu ingekuwa mbegu yenye tunda moja, kazi ya mwanafalsafa ingekuwa nyepesi. Lakini Karari Njama, mwalimu aliyeingia msituni akawa katibu wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alisoma Alliance. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejiunga na shule hiyohiyo 1955, alikuwa na ndugu mkubwa msituni, naye alipofunga shule kwa mara ya kwanza na kurudi nyumbani alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kwenye kijiji kipya cha amri. Mtoto huyo alikuwa amevaa sare ya shule ambayo ndani ya ua wake hakuna askari aliyeweza kumgusa, akasimama mbele ya majivu ya ua wa mama yake. Alichofundishwa darasani hakikumwambia awe upande gani. Kilimpa maneno ya kulikabili swali ambalo wenzake wasiosoma walikuwa nalo vilevile.

Swali lenyewe lilikuwa lipi? Mwanahistoria John Lonsdale alilifuatia ndani ya lugha ya Kikuyu na kulikuta katika neno wiathi, ambalo hutafsiriwa uhuru, ingawa tafsiri hiyo hulipunguza. Wiathi ni hali ya mtu aliyefikia kujitawala mwenyewe: ana shamba, ana mji wake, ameoa, analisha wake na kuwakaribisha wengine, kwa hiyo neno lake lina uzito barazani. Bila ardhi mtu huzeeka pasipo kukomaa, akabaki kijana mwenye mvi. Daniel Branch, aliyeandika juu ya homugadi, ameonyesha kuwa hata wao walilitumia fundisho hilohilo. Mtiifu wa serikali alisema kuwa mali yake ni ushahidi wa jasho lake, na kwamba kijana anayekimbilia msituni anataka kuvuna asichopanda. Mpiganaji alisema kuwa mwenye mali ndiye aliyeufunga mlango, kwa kuwa alimnyima muhoi shamba ambalo juu yake jasho lingemwagika. Kwa hiyo waliuana wakigombea maana ya wema mmoja. Jambo hili linastahili kukaziwa macho, maana linapindua dhana iliyozoeleka kwamba watu hupigana kwa sababu wanathamini vitu tofauti; hapa walipigana kwa ukali wote kwa kuwa walithamini kitu kilekile, na njia ya kukifikia ilikuwa imewekwa wazi kwa baadhi na kufungwa kwa wengine. Tabaka na elimu vinapata nafasi yao halisi hapo: ada ya shule, leseni ya duka na miche ya kahawa zilikuwa ni njia za kuelekea utu uzima, na aliyekuwa nazo angeweza kuwa na subira ambayo asiyekuwa nazo hakuwa na uwezo wa kuimudu.

Ipo pingamizi ambayo haifai kurukwa. Wengine hawakuchagua chochote. Kiapo, ambacho kwa desturi humfunga mtu kwa sababu amekikubali, kililishwa pia kwa nguvu usiku, na homugadi wengi walikuwa wamekila kabla ya kushika silaha dhidi ya waliowalisha. Je, aliyelazimishwa ana nia? Jibu la haraka ni hapana, nalo ni jibu baya, kwa sababu linachukulia kwamba nia huundwa mara moja, kabla ya tendo, kama tiketi inayokatwa kabla ya safari. Waruhiu Itote, aliyekuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau, alisimulia katika kitabu chake cha 1967 jinsi alivyokuwa Burma katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jinsi askari mwenzake Mwingereza alivyomuuliza yeye anapigania nini, naye akakosa jibu. Alikuwa tayari vitani, amevaa sare, amekwisha kuhatarisha maisha, bila nia ambayo angeweza kuitaja kuwa yake. Nia ilikuja nyuma ya tendo, ikalihukumu, na ikampeleka kwenye tendo jingine. Kwenye Kenyatta Avenue, katikati ya jiji, wamesimama askari watatu wa shaba waliowekwa kukumbuka Vita Kuu ya Kwanza, na maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling yameandikwa chini yao kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yakimwahidi anayepigania nchi yake kuwa wanawe watalikumbuka jina lake. Jina hata moja la mpagazi au askari halikuandikwa pale. Itote na wenzake walikuwa wana wa kizazi kilichopewa ahadi hiyo.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na nadharia yake ya nia, na iliitekeleza kwa waya na bunduki. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, wanaume kwa maelfu wakapakiwa malori na kupelekwa kambi ya Lang'ata kuchujwa, kisha Manyani na Mackinnon Road. Kazi ya kuchuja ilifanywa kwa msaada wa mtu aliyeitwa gakunia, kigunia, kwa kuwa alivikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja, na kichwa chini ya gunia kikatikisika kwa ndiyo au kwa hapana, na kwa mtikisiko huo mtu alihesabiwa mweupe, wa kijivu au mweusi, rangi zilizokusudiwa kupima ukali wa imani yake. Ni vigumu kupata picha kamili zaidi ya nia ya mtu kusemwa na mwingine. Mwaka huohuo J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika kwa ombi la serikali kuieleza Mau Mau kama tatizo la akili lililotokana na Mwafrika kutolewa katika mila bila kufika katika ustaarabu. Gunia na ripoti ya daktari vilifanya kazi moja. Vilimwondolea mpiganaji nia na kumwachia sababu tu, na mtu aliyebaki na sababu tu hakuna anayebishana naye. Hutibiwa au hufungwa.

Ingekuwa faraja kudhani kwamba kosa hilo ni la mkoloni peke yake. Msituni kwenyewe, katika Aberdare, ambako Wakikuyu huita Nyandarua, swali la nani mwenye haki ya kuitamka nia ya wote liliwagawa wapiganaji. Mapema 1954 Kimathi na wenzake waliunda Bunge la Kenya ili kuyaunganisha makundi yaliyotawanyika, chombo chenye vyeo, kumbukumbu za mikutano na daftari, nacho kilihitaji watu wa kalamu kama Njama. Mwaka uliofuata waliokataa kuwa chini ya Bunge walijikusanya upande wa Stanley Mathenge, kiongozi mwingine wa msituni, katika Kenya Riigi. Riigi ni mlango, ule uliosukwa kwa fito ambao hufunga nyumba ya Kikuyu usiku. Mathenge hakujua kusoma wala kuandika, na manung'uniko ya upande wake yalikuwa kwamba wasomi wamejigawia vyeo, wanaiga taratibu za Wazungu, na vita vikishaisha ndio watakaovuna, kwani hesabu yote imeandikwa na wao. Wasomi waliwajibu kuwa bila maandishi historia ya mapambano itapotea na jeshi litabaki magenge. Pande zote mbili zilikuwa zimelala kwenye baridi ileile ya futi elfu kumi na zimekula asali na nyama ya porini ileile. Hakukuwa na tofauti ya ardhi wala mshahara kati yao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na chochote. Tabaka lilikuwa limejizaa upya juu ya kitu kimoja tu, uwezo wa kuandika. Hili ndilo fundisho lililojificha katika mgawanyiko ule, nalo halikupewa uzito unaostahili: elimu ni mali, tena mali ambayo msitu haukuweza kuinyang'anya, na hofu ya Riigi ilikuwa hofu ya muhoi aliyeona mwenzake akiweka alama za mpaka kwenye shamba walilolifyeka pamoja.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Karibu kila kinachojulikana leo juu ya nia za wapiganaji kimetoka kwa waliosoma: Kaggia, Itote, J. M. Kariuki, Wambui Otieno, Gakaara wa Wanjau, na Njama mwenyewe, ambaye kumbukumbu zake alizozitoa 1966 pamoja na Donald Barnett ndizo zinazotegemewa zaidi kwa habari za Bunge na Riigi. Msomaji anayekuta humo kwamba wasomi waliongozwa na fikra za taifa, na wasiosoma wakaongozwa na uzoefu, uganga na hasira, anapaswa kukumbuka kwamba anamsikiliza mshitaki akizieleza hoja za mshitakiwa. Njama hakuwa mwongo. Aliandika manung'uniko ya wapinzani wake kwa uaminifu wa kustaajabisha, na bila yeye hata jina la Riigi lingefifia. Lakini nadharia inayosema kuwa elimu huinua nia ya askari kutoka tumboni hadi kichwani imejengwa juu ya ushahidi ambao elimu yenyewe iliuchuja kwanza, kama vile gakunia alivyochuja watu. Asiyeandika hakukosa nia. Alikosa njia ya kuifikisha kwa msomaji ikiwa bado yake. Wenyewe walilijua hilo: ndani ya kambi za kizuizini wafungwa waliojua kusoma waliwafundisha wenzao, na Itote akafundishwa Kiingereza na Jomo Kenyatta katika gereza la Lokitaung.

Baada ya Kimathi kukamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, mambo yalikwenda kama Riigi walivyohofia, ingawa wavunaji wa kwanza hawakuwa wasomi wa msituni. Katika uchaguzi wa mwaka huo Wakikuyu walioruhusiwa kupiga kura ni wale waliokuwa na hati ya uaminifu kwa serikali, na mpango wa kuunganisha mashamba na kuyatolea hatimiliki uliendelea wakati wenye madai ya kupinga walikuwa kizuizini. Leo Kimathi amesimama kwa shaba kwenye barabara yenye jina lake, bunduki mkono mmoja na sime mkono wa pili, tangu 18 Februari 2007. Mathenge, aliyetoweka 1955, hana sanamu pale.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata. Wakili aliyechukua maelezo yao alilazimika kuuliza walifanyiwa nini, wapi na nani; walichokusudia hakikuhitajika, kwa kuwa sheria ya fidia humtambua aliyeumizwa na haina safu ya kujazia nia. Sehemu ya mapatano hayo ilikuwa mnara uliozinduliwa katika Uhuru Park Septemba 2015. Juu yake mwanamke anampa chakula mpiganaji mwenye nywele zilizosokotana, na kila mmoja ameugeuzia uso wake upande mwingine, kama ilivyokuwa desturi, ili atakayekamatwa na kuteswa asiwe na sura ya kuitaja. Haiandikwi pale kama mwanamke huyo aliwahi kuingia darasani, au alikuwa muhoi, au mke wa homugadi. Mkono wake umenyooka kwa mtu asiyemtazama, na mkono wa yule mwingine umekipokea chakula.